Sura ya Nne: Kanuni Kwanza, Kiti Baadaye

Siku Bunge jipya la Kongo linapofunguliwa, anayekalia kiti cha mbele si kiongozi wa chama kilichoshinda. Ni mbunge mwenye umri mkubwa kuliko wote ukumbini, na pembeni yake wanakaa wabunge wawili wenye umri mdogo kuliko wote. Ndivyo inavyoagiza ibara ya 114 ya Katiba ya 18 Februari 2006. Hao watatu ni biro ya muda, na kazi yao haichukui muda mrefu: kuthibitisha kwamba kila aliyeingia ana haki ya kuwamo, kusimamia utungaji wa kanuni za ndani, na kuongoza uchaguzi wa biro ya kudumu. Wakimaliza, wanarudi kwenye viti vyao. Kanuni zenyewe hazitumiki hadi Mahakama ya Katiba ithibitishe kwamba hazipingani na Katiba.

Mpangilio huo una hekima. Kanuni zinajadiliwa wakati hakuna anayejua kwa hakika nani atakalia kiti, hivyo ni vigumu mtu kuzishona kwa vipimo vya mwili wake mwenyewe.

Mabunge ya mfano ya vijana, kuanzia ya shule za sekondari hadi ya vyuo, mara nyingi huanza kinyumenyume. Wanachagua rais wa bunge, makamu, rapporteur wa kuandika kumbukumbu na questeur wa kutunza fedha. Wanapiga picha. Wanaitana Honorable. Kisha hotuba zinaanza, na msemaji wa kwanza anapokatwa maneno hakuna anayejua nani ana haki, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Mwenye sauti nene anashinda. Kijana aliyekuja kujifunza demokrasia anarudi nyumbani na somo lile lile analolipata barabarani kila siku: mwenye nguvu mpishe.

Sura hii inaeleza namna ya kuendesha mjadala na kura katika baraza la mfano ili somo liwe tofauti na hilo. Nimechagua mfano wa Kolwezi kwa makusudi.

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 na kampuni, Union Minière du Haut-Katanga, kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Kampuni ndiyo iliyoamua mfanyakazi akae nyumba ipi, mtoto wake asome wapi, mgonjwa atibiwe hospitali gani. Mwaka 1967 kampuni ilitaifishwa, na baadaye jina likawa Gécamines, lakini maamuzi yaliendelea kushuka kutoka juu. Siasa nayo ilikuwa hivyo hivyo. Chini ya chama kimoja cha MPR wananchi walizoezwa kupitisha mambo kwa vifijo na makofi, na makofi hayana hesabu: hayaonyeshi wangapi walikataa. Baada ya uchaguzi wa 1977 wabunge wa Baraza la Kutunga Sheria walithubutu kuwaita mawaziri na kuwahoji juu ya fedha za umma. Rais Mobutu akawapunguzia nguvu hizo, na mwishoni mwa 1980 wabunge 13 walipomwandikia barua ya wazi, walikamatwa. Ndiyo maana siwaoni vijana wanaojifunza kuhesabu kura kuwa wanacheza. Wanajifunza kitu ambacho babu zao walinyimwa.

Na yapo mambo ya kuhesabia kura. Sheria ya madini ya 2002, kama ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la mamlaka ya chini ambamo mgodi umo, yaani jiji, komuni, sekta au uchifu, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inatozwa asilimia 3.5. Kobalti, tangu itangazwe kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, inatozwa asilimia 10. Kwa nchi inayotoa sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti ya dunia, na kwa jimbo letu la Lualaba, ambamo kobalti hiyo hasa inachimbwa, ile asilimia 15 si fedha ya sambusa. Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006, raia wa miji mikuu ya majimbo walipiga kura ya kuchagua madiwani wa komuni, na Kolwezi ina komuni mbili, Dilala na Manika. Baraza la mfano la kwetu basi liwe baraza la komuni, na swali lake liwe hili: fedha ya mrabaha mwaka huu ifanye nini?

Tuseme tuna madiwani 40, vijana wa kidato cha juu na wa mwaka wa kwanza chuoni, wavulana na wasichana. Lugha iwe Kiswahili. Katiba inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na ndiyo lugha ambayo mama anayeuza sokoni atataka kusikia hoja hizi. Kifaransa kinawanyamazisha wengi waliokuwa na jambo la maana la kusema. Nimemaliza hilo.

Akidi na zamu ya kusema

Kabla ya neno la kwanza, hesabu watu. Katika Bunge la Kongo kikao hakiwi halali bila zaidi ya nusu ya wabunge kuwamo, na Bunge la Taifa lina viti 500, kwa hiyo wanahitajika 251. Kenya wamechagua njia nyingine: Katiba yao ya 2010 inaridhika na wabunge 50 tu katika Bunge la Taifa, na 15 katika Seneti. Kila njia ina gharama yake. Akidi kubwa inampa mpinzani silaha ya kutoka nje na kuua kikao. Akidi ndogo inawapa wachache nafasi ya kupitisha jambo wenzao wakiwa safarini. Kwa baraza la vijana napendelea ile kubwa, yaani watu 21 kati ya 40, kwa sababu inawafundisha kwamba kuhudhuria ni sehemu ya kazi. Rapporteur aite majina kwa sauti na kuandika idadi ubaoni. Ikipungua katikati ya kikao na mtu akalisema hilo, kikao kisimame.

Kisha zamu. Rapporteur afungue orodha ya wasemaji, aisome, aulize kama kuna mwingine, aifunge. Dakika tatu kwa kila mtu, na saa iwe mkononi mwa mtu asiye mwenyekiti. Anayeunga mkono afuatwe na anayepinga, kwa kupokezana, mpaka upande mmoja uishe. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, kwa sababu kanuni ninayoitaja sasa inabadilisha ukumbi kuliko nyingine zote: hakuna anayesema mara ya pili kabla ya wote walioorodheshwa kusema mara ya kwanza.

Bila kanuni hiyo, mjadala wowote wa vijana 40 unaishia kuwa mazungumzo ya wavulana watano. Si kwamba wengine hawana mawazo. Ni kwamba mzungumzaji hodari anajibu papo hapo, mwenzake anamjibu, na dakika 30 zimekwisha. Ukiwazuia hao watano kurudi mpaka orodha iishe, utamsikia msichana ambaye kila alfajiri huteka maji kabla ya shule akieleza foleni ya kisimani inachukua muda gani. Taarifa hiyo haimo katika hotuba ya hodari yeyote, na ndiyo iliyohitajika.

Mwenyekiti hachangii. Akitaka kuchangia, amwachie makamu kiti, ashuke, ajiandikishe kama wengine, na asirudi juu mpaka swali hilo lipigiwe kura. Vijana hulichukia sharti hili kwa sababu wanadhani kiti ni zawadi ya kusema zaidi.

Motion!

Yeyote aliyewahi kufuatilia vikao vya Kinshasa anaujua mlio huo. Mbunge anasimama, mkono juu: Motion! Kanuni za Bunge la Taifa zinatambua hoja za namna hiyo za aina kadhaa. Ipo ya utaratibu, pale kanuni inapovunjwa. Ipo ya taarifa, pale mtu anapotaka kuuliza au kueleza jambo ambalo ukumbi haulijui. Ipo ile wanayoiita préjudicielle, inayosema kwamba kuna swali lingine lazima litatuliwe kabla ya hili kuanza kujadiliwa. Ipo incidentielle, kwa jambo lililozuka katikati ya safari. Zote zina sifa moja: zinatangulia. Hoja ya msingi inangoja mpaka hii ndogo imalizwe.

Sifa hiyo ndiyo inayozifanya ziwe dawa na sumu kwa pamoja. Mtu aliyeona kwamba kura itamshinda anaweza kusimamisha motion moja baada ya nyingine mpaka jua lizame. Katika baraza letu la mfano dawa ni sharti moja tu: anayesimama ataje kwanza namba ya kanuni iliyovunjwa, ndipo aeleze. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kanuni ya 7: mzungumzaji amepita dakika tatu." Hiyo inapokelewa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nina motion, mzee wangu aliyetangulia kusema hajui shida za wachimbaji" hiyo ni hotuba iliyovaa koti la motion, na mwenyekiti aikate hapo hapo kwa upole, amwelekeze kwenye orodha. Asiyeridhika na uamuzi wa mwenyekiti akate rufaa kwa ukumbi, rufaa ipigiwe kura bila mjadala, tuendelee.

Sharti la kutaja namba lina faida nyingine. Linawalazimisha vijana kuzisoma kanuni usiku uliotangulia.

Marekebisho: lipi litangulie?

Sasa tufike palipo na utamu. Muswada mbele ya baraza unasema: katika fedha ya mrabaha, asilimia 50 iende kwenye visima vya maji na asilimia 50 kwenye madarasa. Diwani mmoja anataka visima vipate asilimia 80. Mwingine anataka 60. Wa tatu anataka kifungu chote kifutwe, fedha ibaki benki mpaka mwakani.

Waliohudhuria ni 34. Tuseme 12 kati yao wanataka 80, na 10 wanataka 60. Waliobaki 12 wanaridhika na 50 kama ilivyo, ingawa yule mmoja wa kufuta, akiwamo humo, atakuwa peke yake kwenye kura yake.

Mwenyekiti asiyejua kanuni atafanya lile linaloonekana la busara: aanze na pendekezo la katikati. Analeta 60. Wale 10 wanasema ndiyo. Wale 12 wa 50 wanasema hapana. Na wale 12 wa 80? Nao wanasema hapana, maana pendekezo lao bado linakuja, hawataki kulifungia mlango. Matokeo: ndiyo 10, hapana 24. Sitini imeanguka. Analeta 80: ndiyo 12, hapana 22. Nayo imeanguka. Kinachobaki ni 50. Watu 22 kati ya 34 waliingia ukumbini wakitaka visima vipate angalau 60, na wametoka na 50. Hakuna aliyeiba kura hata moja. Mpangilio peke yake ndio ulioamua.

Rudia kikao hicho hicho ukianza na pendekezo lililo mbali zaidi na muswada. Kufuta kifungu: ndiyo 1, hapana 33. Asilimia 80: ndiyo 12, hapana 22, imeanguka. Sasa wale 12 wanajua kwamba lao halipo tena, na mbele yao kuna 60 au 50. Wanajiunga na wale 10. Ndiyo 22, hapana 12. Sitini imepita.

Hiyo ndiyo kanuni inayofuatwa katika Umoja wa Mataifa na katika Bunge la Ufaransa, ambako desturi nyingi za Kongo zimetoka: mapendekezo ya kufuta hutangulia, kisha lile lililo mbali zaidi na matini, kisha la karibu, na mwisho matini yenyewe. Fanyeni zoezi hili mara mbili kwa vijana wale wale, siku ile ile, kwa mpangilio mmoja kisha mwingine. Waacheni waone namba zikibadilika ubaoni. Hakuna hotuba ya uraia itakayowafundisha zaidi ya hapo kwa nini lazima mtu aulize, kabla ya kuuliza jambo lingine lolote, nani amepanga ajenda.

Kura yenyewe

Katiba ya Kongo inaruhusu njia nyingi za kupiga kura: kuitwa jina kwa jina na kujibu kwa sauti, kuinua mkono, kusimama na kukaa, karatasi ya siri, au chombo cha kielektroniki. Lakini imeweka mipaka miwili ninayoiheshimu sana. Kura juu ya sheria nzima hupigwa kwa kuitwa jina kwa jina, hadharani. Kura inayomhusu mtu hupigwa kwa siri.

Wengi hugeuza. Wanaona aibu kutamka msimamo wao juu ya fedha za umma, lakini wako radhi kuinua mkono mbele ya mgombea na kumwangalia usoni. Mantiki ya Katiba ni ya kinyume na ni sahihi. Fedha ya mrabaha ni ya watu. Waliokutuma wana haki ya kujua ulisema nini, hata kama baba yako ameajiriwa na kampuni iliyotajwa katika mjadala. Lakini unapomchagua au kumkataa mtu, yeye ana kumbukumbu, ana ndugu, kesho ana madaraka. Karatasi ya siri inakukinga na yeye. Katika mji ambao kila familia ina mtu mgodini, kwenye kontena la mnunuzi wa madini, au ofisini kwa mkubwa fulani, kinga hiyo ni ya lazima.

Kura zikilingana, pendekezo limekataliwa. Ndivyo ilivyo Kongo, na ndivyo ilivyo Kenya, ambako Katiba inasema pia kwamba Spika hana kura. Anayetaka kubadilisha hali iliyopo ndiye mwenye jukumu la kupata wingi. Ameshindwa kuupata, hali ibaki.

Kuhusu kujizuia: kwa maamuzi ya kawaida baraza letu la mfano lilinganishe ndiyo na hapana tu, na waliojizuia waandikwe kando. Waliohudhuria 30, ndiyo 18, hapana 9, waliojizuia 3: limepita. Ishikeni hesabu hiyo, maana naihitaji tena hapa chini.

Kumwondoa mtu

Ibara ya 146 inaeleza namna Bunge linavyoiangusha serikali. Hoja ya kutokuwa na imani na serikali nzima lazima isainiwe na robo ya wabunge. Dhidi ya waziri mmoja, sehemu moja ya kumi. Mjadala na kura havifanyiki kabla ya saa 48 kupita tangu hoja iwasilishwe. Zinahesabiwa kura za ndiyo peke yake, nazo lazima zizidi nusu ya wabunge wote wanaounda Bunge, waliohudhuria na wasiohudhuria. Hoja ikianguka, waliosaini hawaruhusiwi kuleta nyingine katika kikao cha msimu huo. Ibara ya 198 inaleta masharti hayo hayo kwenye mabunge ya majimbo.

Chukua sasa ile hesabu ya 18 kwa 9. Kwa uamuzi wa kawaida imepita, na kwa tofauti kubwa. Kwa hoja ya kumwondoa mwenyekiti wa baraza la watu 40 imeanguka, kwa sababu zinahitajika 21. Aliyekaa nyumbani amehesabika kana kwamba amesema hapana. Vijana hulalamika: mbona mara mbili zaidi walitaka aondoke? Wajibiwe kwamba kuondoa serikali si sawa na kupanga visima. Aliyepewa kazi kwa kura za wengi asiipoteze kwa sababu ya kikao kimoja kilichohudhuriwa na wachache. Saa 48 nazo ni za hasira kupoa, na za aliyeshtakiwa kuandaa utetezi wake.

Mambo haya hayako vitabuni tu. Tarehe 27 Januari 2021, Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mwana wa Katanga, aliangushwa kwa kura 367, ilhali zilihitajika 251. Hoja ilikuwa imesainiwa na wabunge 301. Wiki chache kabla ya hapo, Desemba 2020, ukumbi huo huo ulikuwa umeona viti vikivunjwa kabla ya wabunge kukaa chini na kuiondoa biro ya Jeanine Mabunda kwa kura 281 dhidi ya 200. Kikao hicho kiliongozwa na biro ya muda, mzee wa umri akiwa kitini: kanuni ile ile niliyoanza nayo. Na hapa kwetu Lualaba, Septemba 2021, Bunge la Jimbo lilimwondoa gavana Richard Muyej. Makamu wake, Fifi Masuka Saini, alishika nafasi kwa muda, na mwaka uliofuata wabunge wa jimbo wakamchagua kuwa gavana. Magavana wa Kongo huchaguliwa na wabunge wa majimbo, si na wananchi moja kwa moja. Ukumbi mdogo wa Kolwezi ndio unaoamua nani ataongoza jimbo lenye utajiri kama huu. Atakayesema kanuni za kura ni mambo ya wanasheria tu, aulizwe anaishi mkoa gani.

Lipo jambo zito zaidi, na sura hii isingekuwa ya kweli bila kulitaja. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano wa Taifa uliokuwa ukiongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri Mkuu, kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura. Uchaguzi ule ulifuata utaratibu. Lakini huku Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, mkoa ulikuwa mikononi mwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI, na mtu waliyemtaka, Nguz Karl-i-Bond, ndiye aliyekuwa ameondoshwa kwenye kiti hicho. Ushindi wa Mkasai mmoja Kinshasa ukafanywa kosa la Wakasai wote wa Shaba. Likasi kwanza, kisha Kolwezi mwaka 1993: watu waliozaliwa hapa, waliofanya kazi Gécamines maisha yao yote, walifukuzwa majumbani, wakalala mashuleni na kituo cha reli wakingoja treni za kuwapeleka Kasai, na wengi walifia njiani.

Utaratibu wa ukumbini haukuwasaidia, kwa sababu nje ya ukumbi wakubwa waliwafundisha watu kwamba kushindwa kura ni kuvamiwa. Ndiyo maana katika baraza la mfano nasisitiza kanuni ambayo wengi huiona ya mapambo: baada ya kura, walioshindwa wapewe dakika mbili za kueleza kwa nini walikataa, maelezo yao yaandikwe, na walioshinda wasishangilie. Baraza likimaliza mwezi mmoja, kila kijana awe amewahi kushinda na amewahi kushindwa. Mwalimu ahakikishe hilo hata kwa kuwapangia pande kwa kura ya bahati, mtoto wa Kiluba akitetea leo kile alichokipinga jana pamoja na wa Kirund, wa Kisanga na wa Kichokwe.

Kumbukumbu

Rapporteur ana kazi ngumu kuliko mwenyekiti. Aandike nani alisema nini kwa kifupi, kila pendekezo neno kwa neno, kila kura kwa namba. Kikao kinachofuata kianze kwa kusomwa kumbukumbu, zirekebishwe, zipitishwe, zitiwe saini.

Msisitizo huu una sababu iliyo nje ya shule. Tangu 2018 sheria ya madini inaitaka kila kampuni ikubaliane na jamii zinazoizunguka juu ya cahier des charges, waraka wa ahadi za maji, zahanati, shule na barabara, na itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii hizo. Upande wa kampuni huja na wanasheria na kompyuta. Upande wa kijiji mara nyingi huja na wazee wenye kumbukumbu nzuri kichwani na bila karatasi. Miaka miwili baadaye kukiwa na ubishi kama ahadi ilikuwa kisima kimoja au vitatu, karatasi ndiyo inayosikilizwa. Kasulo, mtaa mmoja wa Kolwezi, wanalijua hili. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba zao, watu wakachimba hadi vyumbani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta kwa ajili ya kampuni ya Congo Dongfang Mining, familia zikalipwa zihame. Katika mapatano ya namna hiyo, kijana mmoja anayejua kusema "naomba hilo liandikwe, lisomwe, kisha tusaini" ana thamani kwa mtaa mzima.

Wala haihitaji jumba. Wakati wa miaka ya mwisho ya Mobutu, raia walioitwa wabunge wa kusimama walikutana mbele ya wauza magazeti wakijadili vichwa vya habari wakiwa wima. Nairobi, Bunge la Mwananchi limekuwa likikaa kwenye viti vya bustani ya Jeevanjee, chini ya miti, raia wakipeana zamu ya kusema. Darasa lenye ubao linatosha kabisa.

Kwa hiyo mwalimu, au wewe kiongozi wa vijana wa parokia, wa msikiti au wa mtaa: juma hili waite vijana wako, mweke mzee wa umri kitini na wadogo wawili pembeni yake, na msichague mtu yeyote. Andikeni kwanza ukurasa mmoja: akidi ni wangapi, dakika ngapi kwa msemaji, nani anatangulia, marekebisho yapigiwe kura kwa mpangilio gani, lini kwa sauti na lini kwa siri, nani anaandika. Upigieni kura kifungu kwa kifungu. Ukipita, ubandikeni ukutani, ndipo mchague mwenyekiti. Na kikao cha kwanza kiwe juu ya ile asilimia 15.